Njia ya Vichakani Kutoka Mlima Pan: Uchambuzi wa Kisa cha Safari ya Wanafunzi Nchini China, 2007

Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Shule ya Hotchkiss ya Marekani ilitokana na matembezi ya mwisho wa juma kwenye mlima mmoja wa China mwezi Juni 2007, nayo ikamalizika katika mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2018. Kila mwalimu, mkuu wa shule na mwendesha safari anayewachukua watoto wa watu na kuwapeleka mbali na nyumbani angefaa kuisoma kwa utulivu. Nimeichagua kwa sababu hakuna ndani yake ukatili, ulevi, basi lililopinduka wala mwongozaji asiye na kibali. Kuna watu wazima waliosoma, shule yenye uwezo mkubwa, ratiba nzuri na nia njema, na pamoja na hayo yote msichana wa miaka 15 alirudi kwao akiwa amepoteza uwezo wa kuzungumza. Jina lake limo katika kumbukumbu za mahakama, lakini uchambuzi huu hauhitaji kulitaja.

Hoja yangu ni kwamba habari iliyoweza kumkinga mtoto huyo ilikuwepo, tena kwa maandishi, na ilipita au ingeweza kupita katika mikono kadhaa. Ilikatika kila ilipotakiwa kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mara ya mwisho ilikatika kileleni, mahali ambapo sentensi mbili za mwalimu zingetosha kuiunganisha tena.

Tukio lenyewe

Hotchkiss ni shule binafsi ya bweni iliyopo Lakeville, jimboni Connecticut. Katika kiangazi cha mwaka 2007 ilipeleka kundi la wanafunzi China kujifunza lugha na utamaduni, likiongozwa na mkurugenzi wa programu ya lugha na utamaduni wa Kichina wa shule hiyo na kusindikizwa na walimu wengine. Msichana tunayemzungumzia alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mwaka wake wa kwanza shuleni. Kabla ya kuondoka, wazazi walitumiwa mwongozo wa maandalizi, ushauri wa afya, fomu za ruhusa na hati ya kuiachilia shule dhidi ya madai. Baada ya kufika, kundi liliweka makao yake katika jiji la Tianjin.

Mwisho wa juma mmoja walikwenda Mlima Pan, mlima wenye misitu ulioko kaskazini ya jiji hilo na unaotembelewa na watu wengi. Walipanda kwa njia iliyosakafiwa. Kileleni kundi liligawanyika: walio wengi, kiongozi wa msafara akiwa miongoni mwao, waliteremka kwa gari la waya, na wanafunzi wachache wakaruhusiwa kuteremka kwa miguu. Hao wachache hawakurudi kwa njia waliyopandia. Walishika vijia vyembamba vya udongo, wakapotea kwa muda, wakawa wanapenya kati ya miti na vichaka mpaka wakafika chini. Msichana huyo alifika akiwa ameumwa na wadudu sehemu nyingi za mwili, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kivimbe kilichowasha.

Hakuna aliyewaambia asubuhi ile wavae suruali ndefu, wapake dawa ya kufukuza wadudu au wakaguane miili jioni. Mwalimu mmoja alikuwa na dawa ya kufukuza wadudu. Ilibaki ndani ya basi.

Siku kumi hivi baadaye msichana aliamka akiwa na homa, kichwa kikimuuma na miguu ikiyumba. Alipelekwa hospitalini Tianjin, hali yake ikazidi kuwa mbaya, akahamishiwa Beijing, na wazazi wake wakasafiri kutoka Marekani kumfuata. Hatimaye alirudishwa kwao kwa ndege na kulazwa, na ikathibitika kwamba alikuwa na uvimbe wa ubongo unaosababishwa na virusi vinavyoenezwa na kupe. Alipona, lakini kupona kwake kuna mipaka mizito. Hawezi kusema, hutoa sauti chache tu. Hana uwezo kamili wa kuitawala misuli ya uso wake, jambo linalomletea shida hata katika kula. Vidole vyake vimepoteza wepesi, na uwezo wake wa kuelewa maandishi na kufanya hesabu umepungua. Pamoja na hayo aliendelea na masomo hadi ngazi ya chuo, na ninalitaja hilo kwa sababu mara nyingi visa vya namna hii husimuliwa kana kwamba maisha ya aliyeumia yalikoma siku ile.

Ugonjwa wenyewe na sababu ya kinga kuwa jambo la kabla

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanawajua kupe. Mfugaji anayepeleka ng'ombe joshoni anafanya hivyo kwa sababu ya ndigana kali, na sehemu nyingi za bara watu wanaijua homa ya papasi inayowapata waliolala katika nyumba za sakafu ya udongo. Virusi vya uvimbe wa ubongo vinavyoenezwa na kupe viko mbali na mazingira yetu, kwani makazi yake ni ukanda wa misitu unaoanzia Ulaya ya kati na kupita Urusi hadi kaskazini ya China na Japani. Hata hivyo tabia yake inahitaji kueleweka, maana ndiyo inayoonyesha ni wakati gani mwongozaji ana nafasi ya kufanya jambo na ni wakati gani nafasi hiyo imeshapita.

Katika ugonjwa wa Lyme, ambao pia huletwa na kupe, kwa kawaida mdudu anahitaji kubaki amejishikiza mwilini kwa saa nyingi kabla ya kuambukiza, kwa hiyo mtu anayejikagua jioni na kumtoa kupe mapema anajiokoa mara nyingi. Virusi hivi vya ubongo vimo tayari katika mate ya kupe na vinaweza kuingia mwilini ndani ya dakika chache tu tangu aume. Ukaguzi wa jioni una faida yake, lakini hautoshi. Mgonjwa akishaugua, hakuna dawa ya kuua virusi hivyo, na madaktari hubaki kumsaidia mwili upambane wenyewe. Aina ya virusi inayopatikana Mashariki ya Mbali inajulikana kuwa kali kuliko ile ya Ulaya, kwa maana ya vifo na kwa maana ya ulemavu unaobaki.

Chanjo ipo, nayo ilikuwa ikitumika Ulaya kwa miongo kadhaa kabla ya safari hii, lakini Marekani haikuiidhinisha hadi Agosti 2021. Kwa hiyo mwaka 2007 familia ya Connecticut isingeweza kuingia kliniki ya karibu na kuipata. Kinga iliyobaki ilikuwa ya kawaida kabisa: kujua kwamba siku fulani tunaingia msituni, kuvaa suruali ndefu na soksi, kupaka dawa ya kufukuza wadudu kwenye ngozi iliyo wazi, na kutoacha njia iliyosafishwa. Kinga ya namna hiyo haina daktari ndani yake. Inamtegemea mtu aliyesimama mbele ya watoto asubuhi ile.

Habari ilikatikia wapi

Wakati huo CDC, yaani Vituo vya Marekani vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, vilikuwa vimeandika wazi katika ushauri wao kwa wasafiri kwamba ugonjwa huu unapatikana katika maeneo yenye misitu ya kaskazini mashariki ya China, na kwamba kujikinga na wadudu na kupe kunasaidia kuuepuka. Huo ndio mkono wa kwanza, na habari ilikuwa imo mikononi humo.

Kutoka hapo ilitakiwa kuwafikia wazazi. Ushauri wa afya uliotumwa na shule uliwaelekeza wazazi waangalie tovuti ya CDC, lakini kiungo kilichowekwa kilifungua ukurasa unaohusu Amerika ya Kati. Mtu anaweza kusema kwamba mzazi makini angegundua kosa na kutafuta ukurasa wa China mwenyewe. Huenda. Lakini ushauri huohuo ulieleza kwamba zahanati ya shule ingeweza kuwahudumia wanafunzi kama kliniki ya wasafiri, na mzazi akishaambiwa hivyo na shule anayoilipa na kuiamini, ana haki ya kudhani kwamba kuna mtu mwenye ujuzi ambaye ameshausoma ukurasa sahihi kwa niaba yake.

Kisha kuna ratiba. Maelezo waliyopewa wazazi hayakuwaonyesha kwamba watoto wangepanda mlima wenye msitu. Hili ninaliona kuwa zito kuliko kiungo kibovu, kwa sababu hata daktari bingwa wa magonjwa ya wasafiri hawezi kutoa ushauri mzuri kwa neno "China" peke yake. Nchi ile ina jangwa, miji ya mamilioni ya watu, mashamba ya mpunga na misitu ya baridi, na kila mazingira yana hatari zake. Daktari anahitaji kujua mtoto atalala wapi, atakanyaga nini na katika msimu gani. Ratiba inayotaja majina ya miji na vivutio bila kusema mazingira yake haimsaidii mtu anayepima hatari, hata ikiwa imechapwa vizuri namna gani.

Dawa ya kufukuza wadudu ilitajwa katika orodha ya vitu vya kufungasha, chini ya kichwa cha vitu vinginevyo. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Anayeandaa orodha huweka chini ya kichwa hicho vitu ambavyo safari haiharibiki vikikosekana, na msomaji hupokea ujumbe huohuo bila kuambiwa. Dawa ikiwekwa hapo bila neno hata moja la kueleza ni ya kazi gani, itapakwa siku gani na mahali gani, mtoto wa miaka 15 ataiona kama kitu cha kupunguza muwasho, na mwalimu naye ataiacha ndani ya basi bila kuhisi kwamba ameacha kitu.

Kileleni

Wachambuzi wengi wa kesi hii huishia kwenye karatasi, kwa sababu karatasi ndizo zilizowasilishwa mahakamani na ni rahisi kuzinyooshea kidole. Mimi naona sehemu ya kisa yenye mafunzo mengi zaidi kwa mtu wa kazi ni pale kundi lilipogawanyika.

Mpango wa siku ile ulikuwa na namna fulani ya hatari, na mpango ulipobadilika, hatari nayo ilibadilika. Mtu anayepanda kwa njia iliyosakafiwa, katikati, pamoja na umati wa watalii, hagusani na majani. Anayepita kwenye vijia vya udongo na kupenya vichaka anapita palepale kupe wanaposubiri, kwa kuwa kupe wa aina hii haruki wala kudondoka kutoka juu ya miti kama wengi wanavyodhani, bali hupanda kwenye ncha za majani na vijiti vifupi na kujishikiza kwa chochote kinachopita. Kwa hiyo ombi la wanafunzi, lililosikika kama ombi dogo la vijana wenye nguvu wasiotaka kukaa kwenye gari la waya, kwa kweli lilikuwa ombi la kuingia katika shughuli nyingine kabisa, isiyokuwa katika ratiba, isiyotajwa kwa wazazi na isiyoandaliwa vifaa.

Sisemi kwamba ilipaswa kukataliwa. Vijana hupelekwa mlimani ili watembee, na mwalimu anayekataa kila kitu hana sababu ya kuwatoa darasani. Lakini ombi la namna hiyo linadai maswali matatu kabla ya jibu, nayo hayachukui hata dakika tano. Watapita njia gani, na nani ameiona leo? Mtu mzima gani anakwenda nao? Wanahitaji kitu gani ambacho hawakukihitaji wakati wa kupanda? Swali la tatu lingeileta dawa akilini, na kwa kuwa dawa ilikuwa chini kwenye basi, jibu la busara lingekuwa kwamba wateremke kwa njia ileile iliyosakafiwa.

Mabadiliko ya katikati ya safari ndiyo yanayonitia hofu kuliko mipango mibaya, na hapa kwetu yanatokea kila msimu. Kundi limefika Mwanza au Kisumu kwa ziara ya mafunzo, jua ni kali, ziwa liko palepale, na mtu anasema waogelee kidogo. Hakuna aliyepanga kuogelea, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kuhusu kichocho, kina cha maji, nani anajua kuogelea wala boti iko wapi. Uamuzi unafanywa na mtu mmoja aliyechoka ambaye hataki kuwanyima watoto furaha.

Hoja kwamba ugonjwa ulikuwa adimu mno

Shule ilijitetea kwamba hatari hii haikuweza kutarajiwa. Hakukuwa na msafiri wa Kimarekani aliyejulikana kupata ugonjwa huu nchini China kabla ya msichana huyo, na kwa mtazamo wa shule, kuitaka ionye juu ya jambo ambalo halijawahi kumpata yeyote ni kuitaka ionye juu ya kila kitu duniani. Hoja hii haidharauliki. Mwalimu akisoma kwa sauti orodha ya magonjwa 40 usiku wa kuamkia safari, hakuna mtoto atakayekumbuka hata moja, na onyo la kweli litazama ndani ya orodha hiyo.

Juri, yaani raia waliochaguliwa kusikiliza kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni Connecticut, lilikataa utetezi huo mwaka 2013 na kuamua kwamba shule ilikuwa na uzembe kwa kutoonya juu ya magonjwa yanayoenezwa na wadudu na kwa kutohakikisha kwamba wanafunzi wanajikinga. Rufaa ilipokatwa, mahakama ya shirikisho iliipelekea Mahakama ya Juu ya Connecticut swali la msingi: je, sera ya umma ya jimbo hilo inaweka wajibu huo juu ya shule inayoandaa safari ya nje? Taasisi kadhaa za elimu na za kambi za vijana ziliandika kuiunga mkono shule, zikihofu kwamba safari za namna hii zingekufa. Agosti 2017 mahakama ilijibu kwamba wajibu upo. Kwa mtazamo wake, swali si kama ugonjwa huu hasa, kwa jina lake, ulitarajiwa. Linalotakiwa ni kuonekana mapema kwa madhara ya aina hiyo, na madhara makubwa yanayotokana na wadudu ni jambo linalojulikana sana. Iliongeza kwamba tahadhari zilizohitajika ni nyepesi na za gharama ndogo, hivyo kuzidai hakuwezi kuziua safari za elimu.

Nakubaliana na hukumu hiyo, na kuna jambo moja la mahali linaloipa uzito zaidi machoni pangu. Ugonjwa wa Lyme ulianza kutambuliwa katika miaka ya 1970 katika mji wa Lyme na vijiji vya jirani, na mji huo umo jimboni Connecticut. Watu wa jimbo hilo wamelea watoto wao wakiwafundisha kujikagua kupe baada ya kucheza kwenye majani. Walimu wa Hotchkiss hawakuhitaji utaalamu wa magonjwa ya Asia ili wawaze kupe mbele ya msitu wa kiangazi. Walichohitaji ni kuchukua mazoea ya nyumbani na kuyapeleka China, na hilo ndilo lililoshindikana. Nadhani linashindikana kwa wengi: tunapofika ugenini macho huvutwa na chakula, maji, msongamano wa magari na wezi, na tunasahau kwamba kichaka ni kichaka.

Sisi tuna mifano yetu ya ugonjwa adimu na tahadhari nyepesi. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao na malale, ugonjwa ambao wengi walikuwa wamezoea kuufikiria kama wa vijijini tu. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia katika pango lenye popo ndani ya msitu wa Maramagambo nchini Uganda. Ukihesabu wageni wote waliopita mahali hapo, magonjwa haya ni adimu sana. Hata hivyo mwongozaji mzuri wa Tarangire humwambia mgeni asubuhi, kabla gari halijaondoka, abadilishe shati la buluu au jeusi kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Anasema sentensi moja, mahali penyewe, kabla ya kuumwa, na ametaja sababu. Hahitaji kusoma takwimu za malale. Onyo la aina hiyo ndilo lililokosekana Mlima Pan, na ninaliona kuwa kipimo kizuri kuliko kurasa 20 za mwongozo.

Hati ya kuachilia madai, na fedha

Wazazi walikuwa wamesaini hati ya kuiachilia shule dhidi ya madai. Haikuiokoa. Waandaaji wa safari wengi, hapa kwetu na kwingineko, bado wanaitegemea karatasi hiyo kama ukuta, na fomu nyingi za shule zetu zina sentensi inayosema shule haitawajibika kwa lolote litakalotokea. Sheria hutofautiana nchi na nchi na sitaki kumpa msomaji ushauri wa kisheria. Nitasema tu kwamba kwa upande wa usalama fomu ya namna hiyo haina kazi. Mzazi anayesaini kwamba lolote likitokea ni juu yake hajaambiwa lolote hilo ni nini. Fomu ya ruhusa yenye manufaa ni ile inayomweleza kwamba mtoto wake siku ya tatu atatembea msituni kwa saa tatu, kwamba kuna kupe, kwamba anatakiwa kuja na suruali ndefu mbili na chupa moja ya dawa, kisha inamwuliza kama mtoto ana mzio wa dawa hiyo. Mzazi akisaini hapo, sahihi yake ina maana.

Juri lilitoa fidia ya zaidi ya dola milioni 41, ambazo milioni 31.5 kati yake zilikuwa kwa ajili ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyopotea, na sehemu iliyobaki kwa hasara za kiuchumi. Mahakama ya Juu ya Connecticut ilisema kiasi hicho, japo kikubwa, hakijavuka mipaka, na mwanzoni mwa 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaidhinisha hukumu yote. Magazeti yalishika tarakimu hiyo na kuacha mengine. Mimi sioni kwamba ukubwa wa fedha ndio unaotufundisha, maana mfumo wa fidia wa Marekani ni wao.

Ingepangwaje

Kama ningepewa safari ileile niipange, ningeanza na ratiba, na mbele ya kila siku ningeandika mazingira: mjini, msituni, majini, barabarani kwa saa ngapi, kwenye mwinuko gani. Ukurasa huo ndio ningempelekea daktari wa magonjwa ya wasafiri, miezi mingi kabla, kwa sababu chanjo nyingine huhitaji dozi zaidi ya moja na nafasi kati yake. Hata hii ya uvimbe wa ubongo, katika nchi inakopatikana, dozi zake za kwanza mbili hutenganishwa kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Mtu mmoja, mwenye jina lake kwenye ukurasa, angefungua kila kiungo siku ya kutuma barua. Ni kazi ya dakika chache, na katika kisa hiki haikuonekana kufanywa.

Dawa ya kufukuza wadudu ningeitoa kwenye vitu vinginevyo na kuiweka pamoja na pasipoti. Dawa yenye DEET, kemikali inayofukuza wadudu, kati ya asilimia 20 na 30 hudumu kwa saa kadhaa na hupakwa baada ya mafuta ya kukinga jua, si kabla yake. Nguo za kutembelea msituni zinaweza kutiwa permethrini, dawa ya jamii ileile inayotumika kwenye vyandarua vyetu, ambayo hupuliziwa kwenye kitambaa na haipakwi mwilini. Na kila mwalimu angebeba chupa yake mgongoni, si kwenye basi, kwa amri.

Jambo gumu kuliko yote ni lile la kileleni, kwa sababu haliandikiki mapema. Linaloweza kufanyika ni kukubaliana kabla ya safari ni mabadiliko gani mwalimu mmoja anaweza kuyakubali peke yake na yapi yanahitaji mwenzake, na kwamba kundi halitagawanywa bila mtu mzima, mfuko wa huduma ya kwanza na simu kila upande. Walimu wapewe pia ruhusa ya wazi ya kusema hapana bila kuonekana waoga. Mkuu wa shule anayempongeza mwalimu kwa sababu watoto walifurahi, na asimpongeze hata siku moja yule aliyeahirisha matembezi, anapanga hatari bila kujua.

Limebaki jambo ambalo kisa hiki kinaligusa kidogo tu. Dalili zilianza siku kumi hivi baada ya matembezi, na kundi bado lilikuwa China, likiwa na walimu waliojua watoto walipita wapi. Kama safari ingekuwa ya wiki moja, msichana angeugulia nyumbani, mbele ya daktari asiye na sababu ya kufikiria kupe wa China. Ugonjwa huu huweza kuchukua hadi wiki nne kujitokeza, na malaria, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi, huanza kwa kawaida kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Mwanafunzi wa Nyeri au wa nyanda za juu za Njombe aliyekwenda ziara ya pwani au ya ziwa anaweza kuanza homa akiwa ameshasahau safari, na mzazi akaitibu kama mafua. Kwa hiyo barua ya mwisho itumwe siku ya kurudi, si kabla ya kuondoka: ieleze mtoto alilala wapi, aliingia maji gani, aliumwa na nini na tarehe ngapi, na imtake mzazi ambaye mtoto wake atapata homa ndani ya mwezi mmoja aipeleke barua hiyo hospitalini pamoja na mtoto.